Chupa ya Kuteremkia

Muuzaji wa pikipiki pale Bukoba mjini alimtandikia Datius karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwenye namba moja, akakiacha hapo kama mtu aliyebana mdudu.

"Hapa, Mwalimu. Lita moja, kilometa hamsini na tano."

"Hizo kilometa ni maili ngapi?" aliuliza Benigna, mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma na kapu lake mkononi.

Muuzaji alimjibu Datius. "Mwambie mama, ni kama maili thelathini na nne."

"Nimesikia," Benigna akasema. "Na lita moja ni chupa ngapi?"

"Chupa gani, mama?"

"Ya bia."

"Mbili." Muuzaji alimwangalia Datius kwa huruma. "Mama anauza pombe?"

"Lubisi," Datius akasema, macho kwenye viatu vyake. "Ya ndizi za shamba letu. Kidogo tu, pale nyumbani."

"Si kidogo," Benigna akasema.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mpya, ya kijani, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Datius alikuwa mrefu. Alipoikalia ili kuijaribu, magoti yalipanda juu hadi karibu na masikio, na karani wa kike aliyekuwa anafuta vumbi akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Benigna aliiona sura ya mumewe ikibadilika. Ilikuwa sura ya mwanamume aliyeambiwa avae gauni la mkewe kwenda misa ya kwanza.

"Shilingi elfu tatu na mia nne," muuzaji akasema.

Wao walikuwa na elfu mbili na mia tatu. Fedha za kahawa za misimu miwili zilikuwa humo, na za lubisi zilikuwa humo pia, nazo ndizo zilizokuwa nyingi, ingawa Datius alipenda kuziita zote "za kahawa".

"Ukiongeza msimu mmoja, inapatikana," Benigna akamwambia walipotoka nje.

"Msimu mmoja ni Julai. Shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo."

Hilo Benigna alikuwa analijua, ndiyo maana lilimkera kusikia likisemwa. Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini na mafuta ya petroli yakapanda bei mara mbili. Datius alikuwa amepewa barua ya kwenda kufundisha katika kijiji kipya cha ujamaa kule bondeni, chini ya Muhutwe, maili kumi na tatu kutoka kwao Kamachumu. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa muungwana. Alisema Datius anaweza kuendelea kulala kwao Kamachumu, ilimradi saa moja na nusu asubuhi awe kwenye mstari na wanafunzi. Akishindwa, kuna nyumba ya walimu, ya udongo, ambayo haijakauka vizuri.

Benigna hakuweza kuhama. Kibanja cha migomba na kahawa kikiachwa wiki mbili tu, binamu wa Datius wangeanza kutembea mpakani wakihesabu hatua. Na mama mkwe, Ma Kokushubila, alikuwa ameapa kwamba atatoka katika nyumba ile akiwa amebebwa. Kwa hiyo Datius akienda, angekwenda peke yake. Na Benigna alikuwa amekwisha kuwaona waume wa watu waliokwenda peke yao. Walikuwa wanarudi Krismasi na sabuni mbili na salamu nyingi.

*

Pikipiki ya pili ilikuwa ya Rutashobya, mwenye duka pale Kamachumu. Ilikuwa kubwa, nyeusi, na tangi lake lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ilikuwa imetumika, ila haikusemwa imetumiwa na nani. Rutashobya aliileta hadi uani kwao akiunguruma nayo, kuku wakakimbilia kwenye migomba, na Datius akasimama wima kama anayepigiwa wimbo wa taifa.

"Elfu moja na mia tisa, Mwalimu. Kwa sababu ni wewe."

"Kwa nini ni rahisi hivyo?" Benigna akauliza.

"Ma Benigna, ningesema elfu tatu ungelalamika. Nasema elfu moja na mia tisa unalalamika. Nikupe bure?"

"Ukinipa bure ndiyo nitakimbia kabisa. Inakunywaje?"

"Kama watu wengine."

"Watu gani? Maana wengine nawauzia mimi, nawajua."

Ma Kokushubila, aliyekuwa anamenya ndizi kizingitini, akacheka peke yake.

Waliporudi ndani, Datius alikuwa na hesabu tayari. Elfu moja na mia tisa kutoa katika elfu mbili na mia tatu, inabaki mia nne. Mia nne ni mafuta.

"Ya muda gani?" Benigna akauliza.

"Ya muda mrefu."

"Baba Celina, wewe ni mwalimu wa hesabu. Muda mrefu ni namba gani?"

"Ile ndogo haiwezi kilima. Umeiona. Nikiipanda ile mpaka hapa, watoto wa shule watanipita kwa miguu wakinipa pole."

"Kula kwake mafuta ni kidogo."

"Na bei yake je?"

Walizunguka hapo hadi ndizi zikaiva. Datius anasema bei, Benigna anasema kula. Bei unailipa siku moja ukaisahau, Benigna alisema, ila kula hulipwa kila siku. Datius akajibu kwamba fedha ambayo huna huwezi kuilipa siku yoyote. Wote wawili walikuwa sawa, na hakuna ugomvi unaochosha kama huo.

Mwishowe Benigna akasema, "Basi tuipime."

Kipimo alichokijua ni kimoja. Kwake mteja alipimiwa lubisi kwa chupa ya bia, hadi shingoni, mbele ya macho yake, na chupa ikiisha kila mtu anajua alichokunywa. Akamwambia Rutashobya: Jumamosi, uwanja wa kanisa. Tangi likaushwe kabisa. Nitatia chupa moja kwa mkono wangu. Mwende barabara ya Muhutwe, na pale itakapokufa ndipo tutakapojua.

Rutashobya alifikiri kidogo, kisha akatabasamu vizuri sana. "Ma Benigna, wewe ungekuwa waziri."

*

Jumamosi watu walikuja kana kwamba kuna harusi. Rutashobya alikausha tangi kwenye debe, akaligeuza na kulitikisa ili kila mtu asikie kwamba halisemi kitu. Benigna alikunja jani la mgomba likawa mrija, akamimina chupa yake taratibu, hata tone lililobaki mdomoni mwa chupa akaligonga liingie. Wazee wakaguna kwa heshima. Hakuna aliyewahi kuona mwanamke akipima pikipiki.

Rutashobya alipanda mbele. Datius alipanda nyuma kama shahidi, na mapajani akapakata kidumu.

"Hicho nini?" Benigna akauliza.

"Mafuta ya kurudia," Rutashobya akasema. "Au unataka mumeo arudi kwa miguu?"

Watu wakacheka, Benigna naye akacheka. Wakaondoka kwa kishindo. Sauti ilikwenda hadi kwenye kona ya kwanza, hapo barabara inapoanza kuinamia bondeni, ikakatika. Benigna alisema moyoni, tazama ilivyo na mwendo, imekwisha kuwa mbali.

Walirudi baada ya saa mbili, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Imefika Muhutwe," Datius akasema, akihema kama yeye ndiye aliyekimbia. "Imepita. Imefika shuleni, Mama Celina. Shuleni kwenyewe, na bado haijafa. Maili kumi na tatu kwa chupa moja."

Chupa mbili ni lita. Maili ishirini na sita kwa lita, na pikipiki kubwa namna ile. Haikuifikia ile ya kijani, lakini kwa bei pungufu ya elfu moja na mia tano nani angekosa usingizi? Benigna alikwenda ndani, akafungua sanduku, akatoa fedha, akampa Datius naye akampa Rutashobya, maana ndivyo inavyopendeza.

Na pale uwanjani palikuwa na watu sitini, wakiwemo katekista na karani wa chama cha ushirika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kile kidumu kilirudi na nini. Usiwacheke. Walikuwa wanywaji wa lubisi tangu ujana wao, na kwenye lubisi hakuna anayepima njia ya kurudi nyumbani.

*

Wiki ya kwanza Datius alikwenda na kurudi, akapigiwa makofi na watoto njiani. Wiki ya pili zile mia nne zikaanza kukonda. Wiki ya tatu akaanza kufika nyumbani akiwa na matope magotini na viganja vyekundu.

"Umeanguka?" Benigna akauliza.

"Nimeteleza."

Kumbe alikuwa anaisukuma. Mafuta yalipatikana kwenye pampu ya barabara kuu tu, na foleni yake ilianza alfajiri. Pikipiki ilipewa lita tatu, ukipata. Akipanga foleni, anakosa mstari wa asubuhi. Asipopanga, anafika shuleni mapema na jioni anapanda kilima kwa kifua. Wanawake waliotoka kuteka maji walimkuta kwenye kona akiegemea lile tangi, wakamsalimia kwa adabu zote, "Habari za kazi, Mwalimu," na walipompita wakaanza kukimbia ili wakacheke mbali.

Benigna alichukua chupa yake, akaanza kupima kila tone lililoingia. Siku ya kwanza hakuamini. Siku ya pili akapima tena. Siku ya tatu alikwenda kwa Clavery, fundi wa baiskeli, ambaye kibanda chake kilikuwa kwenye kona ile ya kwanza ya mteremko.

"Clavery, hii pikipiki ina ugonjwa. Siku ile ya kupima ilikula chupa moja. Sasa kwenda na kurudi inakula chupa tano."

Clavery alikuwa anaziba tairi. Hakuinua kichwa. "Siku ile ya kupima, Ma Benigna, mimi nilidhani imewaharibikia."

"Kwa nini?"

"Walipita hapa kimya. Kama baiskeli. Rutashobya amezima, miguu ameining'iniza, anateremka zake. Nikawapungia mkono. Mwalimu naye akanipungia."

Benigna akakaa juu ya jiwe la wateja.

"Alikupungia."

"Ndiyo. Na kile kidumu chake. Walipopanda kurudi nilikisikia kinagonga, ko, ko, kitupu. Lita mbili nzima zile." Hapo ndipo Clavery alipoinua kichwa akamwona usoni. "Mimi nilijua mnajua, waitu, jamani. Nani asiyejua kwamba kuteremka ni bure?"

*

Dukani kwa Rutashobya walikuwepo wateja wanne, na Benigna alitamani wasiwepo. Akasema hivyohivyo.

"Umenidanganya."

Rutashobya aliweka mizani chini kwa upole. "Ma Benigna, karibu. Nimekudanganya wapi?"

"Ulizima injini."

"Nilizima. Wewe ulisema mwende barabara ya Muhutwe, na pale itakapokufa ndipo tutakapojua. Barabara ya Muhutwe inateremka. Si mimi niliyeiumba. Kama ungetaka tupande, ungesema tupande. Kipimo ni chako, chupa ni yako, hata jani la mgomba lilikuwa lako."

Mmoja wa wateja akakohoa kicheko ndani ya kanga yake.

"Basi chukua pikipiki yako, unirudishie fedha."

"Elfu moja."

"Nilikupa elfu moja na mia tisa."

"Ilikuwa haijasukumwa." Aliwageukia wateja. "Sasa mpini umelegea, Mwalimu anauvuta kama ng'ombe. Ila kwa heshima yako, nitaongeza kilo mbili za sukari."

Sukari yenyewe mwezi ule ilikuwa haipatikani kwa wengine. Kumbe chini ya meza ilikuwepo. Benigna aliona aibu mara mbili, kwanza kwa kuambiwa, na pili kwa sababu kwa kitambo kidogo alikuwa ameifikiria ile sukari.

"Na ningependa kukuuliza jambo," Rutashobya akasema, sasa kwa sauti ya chini, bila mzaha. "Mimi nilimwambia mumeo tukiwa njiani, Mwalimu, hapa nazima. Hakunikataza. Unanijia mimi peke yangu kwa nini?"

*

Datius alifika jioni, akaiegemeza pikipiki ukutani, akakuta Benigna amekaa kwenye kigoda na chupa iko mbele yake, tupu.

"Ulijua," Benigna akasema.

Datius hakuuliza ni nini. Alivua koti, akalikung'uta, akalitundika, akalitundua, akalitundika tena.

"Nilijua imezimwa. Sikuona kama ni neno kubwa."

"Mwalimu wa hesabu."

"Mama Celina, nisikilize. Ile ya kijani fedha yake hatukuwa nayo. Hatukuwa nayo. Ningekwambia, ungesema tusinunue hii, na ile tusingeweza, na Jumatatu ningekwenda na nini?"

"Ungeniambia, tungeuza yule ng'ombe wa mama yako."

"Asiuzwe ng'ombe wangu," Ma Kokushubila akasema kutoka ndani.

"Tungekopa kwa Alistidia, dada yangu, pale Rwamishenye. Tungefanya kitu. Ile ndogo ingekula chupa moja na nusu, kwenda na kurudi. Ungekuwa na magoti masikioni, ndiyo, lakini jioni ungekuwa unakula hapa." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, akaishusha. "Ulipita kwa Clavery ukampungia mkono."

Datius alikaa chini, juu ya udongo, kwa suruali yake ya kufundishia.

"Karani yule alicheka," akasema. "Dukani Bukoba. Alinicheka."

"Nilimwona."

"Halafu wewe ukauliza habari za chupa za bia mbele za watu."

Benigna aliiokota ile chupa, akaigeuza mkononi. Kumbe na yeye alikuwa ndani ya hesabu ile.

"Na wanawake wa maji kule kilimani," akasema, "wanakuonaje sasa?"

Datius akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya kiungwana kama mwenyewe. Amechelewa mara sita. Mwenyekiti wa kijiji ameuliza. Kuanzia Jumatatu ahamie nyumba ya walimu. Ukuta wa upande wa jua umekwisha kukauka.

"Ungemrudishia Rutashobya pikipiki yake," Datius akasema.

"Elfu moja."

"Mwizi."

"Ndiyo. Na hakuiba peke yake."

*

Jumapili mchana, baada ya misa, walimfungia mzigo. Godoro lilikunjwa likafungwa kwa kamba za mgomba nyuma ya kiti. Sufuria moja ilining'inia upande wa kulia, taa ya kandili upande wa kushoto, na juu ya lile tangi kubwa Benigna akaweka mkungu wa ndizi, kwa kuwa aliambiwa kule bondeni wanakula ugali, na hasira zake hazikufikia hapo.

"Jumamosi nitakuja," Datius akasema.

"Na mafuta gani?"

"Nitakuja kwa miguu."

"Njoo na shati lako la kufuliwa, basi. Ukimpelekea mtu mwingine alifue nitasikia."

"Nani angenifulia?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Alicheka kidogo, na Benigna nusura acheke, akajizuia. Akamshikia pikipiki alipokuwa anapanda. Datius aliuweka mguu kwenye kiki ya kuwashia, akaanza kuikanyaga, kisha akasita na kumtazama mkewe kama mwanafunzi aliyeshikwa na jibu la jirani. Akauondoa mguu.

"Hakuna haja," akasema.

"Hakuna."

Akasukuma kwa miguu hadi barabarani, hatua kumi, hatua ishirini, godoro likiyumba. Majirani walisimama kwenye migomba yao wakijifanya wanapalilia siku ya Bwana. Kwenye kona barabara ikainama na pikipiki ikaanza kwenda yenyewe. Haikutoa sauti. Sufuria tu ilisikika ikigonga chuma mara moja moja, na baadaye hata hiyo haikusikika.

Benigna alikuwa amepima na kupima, na leo kwa mara ya kwanza pikipiki ya mumewe haikula hata tone moja.

Ma Kokushubila alikuwa amejikongoja hadi barabarani na fimbo yake. Alisimama kando ya Benigna, akalitazama vumbi mpaka likatulia.

"Mkamwana, umemwacha aende?"

"Nimemwacha ateremke, Ma," Benigna akasema. "Kupanda ni juu yake."